Keki ya viungo kwa vilivyomo kabatini: shajara ya jikoni

Jumamosi asubuhi: masharti

Lengo la mradi huu ni kadi moja ya keki ya viungo, itakayobandikwa ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Masharti nimejiwekea mapema, nisije nikayapindisha njiani. Kila kitu kitoke kabatini: unga wa ngano wa kawaida, sukari, mafuta ya kupikia, mayai, maziwa, siki, chumvi, beking pauda, beking soda na viungo. Mashine haitatumika, bakuli mbili, mwiko na mchapo wa mkono wa kuchapia mayai vinatosha. Juu haipakwi krimu wala sukari ya kupamba, maana keki isiyolika mpaka ipakwe kitu, mimi naihesabu kuwa bado haijakamilika. Na siku ya pili iwe tamu kuliko ya kwanza. Sharti hili la mwisho ndilo gumu, na kwa ajili yake nimeamua kuandika ninachofanya badala ya kuoka tu na kusahau.

Maelekezo mengi ya keki ya viungo ukiyatazama vizuri ni ya keki ya vanila iliyonyang'anywa vanila ikatiwa kijiko cha mdalasini. Ikiwa bado kwenye oveni inanukia nyumba nzima. Ikishapoa, unatafuna sukari. Dawa inayotolewa siku zote ni kuongeza viungo, na nimeshaonja keki zilizoongezewa mpaka zikawa na ukakasi, bado harufu haipo. Ninashuku kwamba kiasi si tatizo. Tatizo ni wakati na mahali viungo vinapoingia. Hilo ndilo nitakalolipima.

Jumamosi, baadaye: ukaguzi

Nimetoa kila kitu mezani kabla ya kupima chochote. Nimeanza na beking pauda, kwa kuwa hufa kimyakimya: rangi inabaki ileile, kopo linaonekana limejaa, kumbe unyevu umeshaimaliza nguvu. Kijiko cha chai kimoja ndani ya maji ya moto kimetoa povu papo hapo, basi ni nzima. Soda nimeidondoshea siki, nayo ikachemka.

Hizi mbili hubadilishana zamu katika nyumba nyingi kana kwamba ni kitu kimoja. Beking soda ni sodiamu baikaboneti tupu. Ni alkali, na haitoi gesi ya maana mpaka ikutane na tindikali kama siki, mtindi au maji ya limau. Beking pauda ni soda hiyohiyo iliyokwisha kuchanganywa na tindikali kavu, pamoja na wanga kidogo wa kunyonya unyevu; kwa hiyo maji peke yake yanatosha kuiamsha. Pauda nyingi za siku hizi hufanya kazi kwa awamu mbili, kwanza zikilowa, kisha zikipata joto. Kijiko kwa kijiko, soda ina nguvu mara tatu hadi nne ya pauda. Ukiweka soda mahali pa pauda kwa kipimo kilekile, utakula sabuni.

Viungo vimechukua muda zaidi. Harufu ya viungo ni mafuta mepesi yanayoruka hewani, na kikishasagwa kila punje imeachwa wazi. Kwa hiyo kilichosagwa zamani nimekisugua kati ya vidole viwili, nikanusa. Kisichonijibu hapohapo nimekimwaga. Unga wa iliki umeangukia huko. Iliki nzima zimebaki: maganda ya kijani, mbegu ndani nyeusi na zenye kunata kidogo, dalili njema. Karafuu nimezipima kwa njia ya zamani, kuzitia ndani ya glasi ya maji. Yenye mafuta yake huzama au husimama wima. Iliyokauka hulala juu. Zilizozama na zilizosimama nimeziweka, zilizolala nimezitoa kazini. Kungumanga nimeikwangua kwa ukucha, ikaacha mstari wenye mng'ao wa mafuta, nikaridhika. Tangawizi ni ya unga, bado inawasha puani.

Mdalasini niliokuwa nao ni wa aina ile ngumu, gome nene lililojikunja mkunjo mmoja, ambao kwa jina la biashara huitwa kasia. Ule wa aina ya Ceylon huwa na matabaka membamba yaliyoviringishwa pamoja na huvunjika kwa vidole. Wapo wanaouona huo wa pili kuwa ndio mdalasini halisi na mwingine ni wa kuvumilia tu. Kwenye kinywaji nitakubaliana nao. Kwenye keki, yenye sukari na moto wa zaidi ya nusu saa, ukali wa kasia unafika mwisho wa safari ilhali upole wa mwenzake unapotelea njiani.

Jumapili asubuhi: hesabu

Mizani imechukua nafasi ya kikombe. Kikombe cha unga uliochotwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu kinanipa gramu 120 hivi. Kikombe hichohicho kikizamishwa ndani ya kopo na kushindiliwa kinafika 150. Tofauti hiyo pekee inatosha kuifanya keki laini iwe kavu, halafu mpishi akalaumu oveni.

Msingi nimeutafuta kwenye keki ya kale ya uwiano sawa, ambamo unga, sukari, siagi na mayai vyote vilikuwa na uzito mmoja. Keki hiyo haikuwa na pauda. Iliumuka kwa hewa iliyochapwa kwenye siagi na mayai, kazi ya kuumiza mkono. Nami nimeiondolea mayai na mafuta kiasi, nikaiongezea majimaji, kwa kuwa viungo vilivyosagwa hunywa maji, hasa mdalasini. Rasimu ya kwanza ni hii: unga gramu 200, sukari gramu 160, mafuta gramu 100, mayai mawili, maziwa mililita 150, kwa chombo cha duara cha sentimita 20.

Sukari ningependa ipungue, lakini haikai pale kwa ajili ya utamu peke yake. Inashikilia maji, inazuia unga usijenge nyuzi ngumu, na inachelewesha keki kuganda ili ipate muda wa kupanda. Ikishuka chini ya gramu 120 kwa unga huu, kinachotoka ni mkate mtamu. Si kibaya, ila si ninachokitafuta.

Kuhusu kuumua, desturi ni kijiko cha chai cha pauda kwa kila kikombe cha unga. Gramu 200 ni kikombe kimoja na theluthi mbili, yaani kijiko kimoja na nusu na kidogo. Nimeweka kijiko kimoja tu cha pauda, na pengo nimelijaza kwa robo kijiko cha chai cha soda. Kijiko kikubwa cha siki ya asilimia 5 kinakaribia kuimaliza robo hiyo ya soda, kwa hiyo siki inatiwa kwenye maziwa na kuachwa dakika kumi mpaka yaanze kukatika. Faida ya mzunguko wote huu ni kwamba maziwa yaliyochachushwa hulainisha keki, na soda inaipa rangi ya kahawia iliyokolea, ambayo keki ya viungo inaidai.

Hapa pana historia inayonivutia. Kabla ya karne ya 19 kufika katikati, mwokaji aghalabu alitegemea hamira au mkono wake. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham huko Uingereza, alitengeneza beking pauda mwaka 1843 kwa sababu mke wake hakuvumilia hamira wala mayai. Kwa keki ya viungo uvumbuzi huo ulikuwa na maana ya ziada: mdalasini ukizidi huizuia hamira kufanya kazi. Pauda haijali umeweka mdalasini kiasi gani.

Jumapili jioni: jaribio lenyewe

Mchanganyiko mmoja, vyombo viwili vidogo, oveni moja, tofauti moja tu. Nusu ya viungo nimeichanganya na unga mkavu kama kawaida. Nusu nyingine nimeipitisha kwenye mafuta ya moto kwanza.

Namna nilivyofanya: mafuta ya kupikia yasiyo na harufu yake mwenyewe, kwenye kisufuria kidogo, moto mdogo. Nimedondosha chembe za mdalasini kupima. Zilipoanza kuzungukwa na viputo vidogo taratibu, nimeepua, ndipo nikamimina viungo vyote na kukoroga. Kuepua kwanza si hiari. Viungo vilivyosagwa huungua kwa sekunde chache, na karafuu iliyoungua huleta uchungu usiofichika kwa sukari yoyote. Nimeacha mafuta yapoe kabisa, maana yakikutana na mayai yakiwa moto utapata mayai ya kukaanga.

Sababu ya kutarajia kitu hapa ni kwamba vile vinavyonukia ndani ya mdalasini, karafuu, iliki na kungumanga huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ndani ya unga mkavu vinabaki vimefungwa ndani ya chembe zao za gome na mbegu. Ndani ya mafuta vinatoka, na mafuta yenyewe yanasambaa kila pembe ya keki.

Vyombo vyote viwili vimetoka na urefu uleule. Wakati wa kuoka, sikuweza kusema harufu jikoni inatoka kwenye kipi. Dada alipita, akauliza kama kuna mgeni anakuja.

Zikiwa bado vuguvugu tumeonja. Ile ya viungo vikavu inaanza kwa kishindo: mdalasini unafika puani kabla keki haijafika mdomoni, kisha unatoweka. Ile ya mafuta imetulia zaidi, karibu ya kukatisha tamaa. Dada akachagua ile kavu bila kusita. Nimeandika jibu lake kama lilivyo.

Jumatatu usiku

Vipande vilivyobaki vilikaa ndani ya vyombo vyenye vifuniko, kila kimoja chake. Nimemwonjesha dada bila kumwambia kipi ni kipi.

"Hii ni ya jana ya viungo," akasema, akiwa ameshika ile ya mafuta. "Hii nyingine ni ipi? Ulioka nyingine?"

Ile ya viungo vikavu imebaki na utamu, rangi na kivuli cha mdalasini. Ile ya mafuta sasa unaweza kuvitenganisha viungo ulimini: iliki mwanzoni, tangawizi inapanda katikati, kungumanga inabaki baada ya kumeza. Nimefurahi kuliko keki ndogo inavyostahili. Nyumba ikinukia viungo maana yake viungo vinaondoka kwenye keki. Tunaisifu harufu ya oveni, na ni hasara tunayoisifu.

Njia ya mafuta imeingia kwenye kadi.

Jumatano: suala la siagi

Nililitegemea swali hili, na limekuja: kwa nini si siagi? Nimeoka moja kwa siagi, nikiichapa na sukari mpaka ikawa nyeupe, kwa heshima ya kazi ya kale.

Siagi ni mafuta kwa asilimia 80 hivi, sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Anayebadilisha siagi kwa mafuta ya maji asiweke gramu kwa gramu. Gramu 100 za siagi ni kama gramu 80 za mafuta. Keki ya siagi imetoka na ladha ya kupendeza ikiwa fresh, na ndani chembe ndogondogo zenye mpangilio mzuri. Lakini siagi ikipoa huganda, na keki huganda nayo. Mafuta ya kupikia hubaki majimaji kwenye joto la chumba, kwa hiyo kipande cha siku ya pili bado kinaonekana kibichi kidogo, kwa maana nzuri ya neno hilo. Sharti la siku ya pili limeamua kesi. Mwenye siagi tu ndani aiyeyushe na kuvitia viungo humohumo, asijisumbue kuchapa.

Alhamisi: karafuu

Hapa ndipo mimi na dada tumegombana, kwa upendo. Yeye hataki karafuu kabisa. Anasema inamkumbusha daktari wa meno, na hajakosea. Yujenoli, mafuta makuu ya karafuu, hutia ganzi na imetumika kwenye matibabu ya meno kwa muda mrefu. Keki yenye karafuu nyingi inaacha ulimi umelala.

Lakini karafuu ikitolewa kabisa keki inakosa sakafu. Mdalasini, iliki na tangawizi vyote vinaishi juu, vinang'aa, havina wa kuvishika. Nimejaribu kiasi tofauti kwenye vikombe vidogo vya mchanganyiko uleule. Robo kijiko cha chai kwa keki nzima ndiyo mpaka ambapo dada hakuitambua kwa jina lakini alisema "hii ina kitu". Nusu kijiko, aliitambua kabla hajatafuna. Robo, basi, na iwe robo iliyosawazishwa, si ya kujaza kilima.

Mengine yamepangika bila ugomvi. Mdalasini vijiko viwili vya chai, tangawizi kimoja, iliki nusu, kungumanga iliyoparuzwa hapohapo nusu. Pilipili manga nimeongeza kwa kubahatisha, ncha ya kisu tu. Haionekani kama pilipili. Inaifanya tangawizi ionekane imetoka shambani. Inakaa. Chumvi nusu kijiko, na anayeiona nyingi ajaribu bila: viungo vyote vinakuwa bapa.

Nimejaribu pia kuongeza vanila. Imetolewa. Inazungusha kingo za kila kitu, na mimi nazitaka kingo.

Jumamosi: mkono na moto

Kukoroga. Mayai na sukari nachapa kwa mkono mpaka rangi ipauke na povu lianze kusimama, dakika mbili hivi. Mafuta yenye viungo yanaingia kidogo kidogo, pamoja na masimbi yote yaliyotua chini ya kisufuria. Huko ndiko ladha iliko. Kisha maziwa yenye siki. Mwisho unga, uliochekechwa pamoja na pauda, soda na chumvi, kwa awamu mbili, na hapo mchapo unawekwa chini, mwiko unachukua kazi. Ngano ikilowa na kusukumwasukumwa hujenga nyuzi. Ndizo zinazotakiwa kwenye mkate na ndizo adui wa keki. Naacha kukoroga ninapoona unga mweupe umetoweka. Madonge madogo ya ukubwa wa punje ya mtama hayana neno, oveni itayamaliza.

Mchanganyiko uliolowa usisubiri. Pauda imeshaanza kazi na gesi inayotoka mezani haitarudi kwenye oveni. Kwa hiyo oveni iwe imepata moto na chombo kiwe kimeshapakwa mafuta na kutandikwa karatasi chini kabla ya unga kukutana na maji.

Moto. Kwenye nyuzi 190 kingo ziliganda mapema, katikati ikaendelea kupanda na kutoboka juu kama volkano. Kwenye 160 ilipanda kwa usawa ila ganda lilibaki la rangi ya chai ya maziwa na muda ukarefuka mpaka ikaanza kukauka. Nyuzi 175, rafu ya katikati, dakika 35 hadi 40. Oveni nyingi husema uongo kuhusu joto lake, kwa hiyo dakika hizo zichukuliwe kama fununu. Mlango usifunguliwe kabla ya dakika 25. Kabla ya hapo keki inasimama kwa nguvu ya gesi tu, mayai na wanga havijaganda vya kutosha kuibeba.

Iliyoiva huachana na kingo za chombo, ikibonyezwa katikati inarudi, na kijiti kinatoka na makombo mawili matatu. Kijiti kikitoka kikavu kabisa, umechelewa dakika kadhaa. Kwa mwenye kipimajoto cha kuchoma, katikati iwe nyuzi 96 hadi 98.

Baada ya hapo dakika kumi ndani ya chombo, kisha juu ya wavu. Ikiachwa chomboni ipoe kabisa, mvuke unarudi chini na kitako kinalowa.

Jumapili: kabati likiwa karibu tupu

Kadi inayotegemea mayai na maziwa itakuwa haina maana siku mayai na maziwa hayapo. Suluhisho lipo tangu zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Marekani, wapishi walioka keki isiyo na mayai, maziwa wala siagi: zabibu kavu, sukari, mafuta kidogo na viungo vilichemshwa pamoja kwenye maji, vikaachwa vipoe, ndipo unga na soda vikaongezwa. Njia hiyohiyo ilirudi miaka ya dhiki ya 1930. Kilichonisisimua si uchumi wake. Watu hao walikuwa wanachemsha viungo pamoja na mafuta kabla ya kuoka.

Nimeifuata hivi: maji mililita 230, sukari gramu 160, mafuta gramu 80, zabibu kavu gramu 100 na viungo vyetu vyote, vichemke dakika tano. Kupoza ni lazima, tena hasa. Soda ikitiwa kwenye majimaji ya moto gesi yote inaishia sufuriani. Baridi ikishaingia, siki kijiko kikubwa kimoja, kisha unga gramu 200 wenye kijiko cha chai cha pauda na nusu kijiko cha soda. Haipandi kama ile yenye mayai na ni nzito mkononi, lakini unyevu wake unadumu, na wapo nyumbani waliosema ndiyo bora. Itaandikwa nyuma ya kadi.

Jumatano: bila oveni

Ombi la jirani ambaye ana jiko la kawaida tu. Sufuria nzito, kubwa kuliko chombo cha keki, tabaka la chumvi ya mawe chini, kitegemeo kidogo juu yake ili chombo kisiguse kitako cha sufuria. Mfuniko umefungwa kwa kitambaa kinachonyonya mvuke, ncha zake zimefungwa juu mbali na moto. Bila kitambaa matone yanarudi juu ya keki. Sufuria ipate moto tupu dakika kumi kwanza, kisha moto mdogo. Imechukua karibu saa nzima. Uso umebaki mweupe, kwa kuwa hakuna joto kavu linalotoka juu, ila ndani hakuna kosa. Nimeigeuza kichwa chini kwenye sahani na kitako cha kahawia kimekuwa uso.

Ijumaa: kadi

Kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko kikubwa 15. Mambo mengine ni haya:

Unga wa ngano gramu 200, sukari gramu 160, mafuta gramu 100, mayai 2, maziwa mililita 150 na siki kijiko kikubwa 1, beking pauda kijiko cha chai 1, beking soda robo, chumvi nusu. Mdalasini 2, tangawizi 1, iliki nusu, kungumanga nusu, karafuu robo, pilipili manga ncha ya kisu. Viungo kwenye mafuta ya moto yaliyoepuliwa, yapoe. Mayai na sukari, mafuta, maziwa, unga. Nyuzi 175, dakika 35 hadi 40.

Kuhifadhi: ikishapoa kabisa ifungwe isipate hewa na ikae kwenye joto la chumba, siku tatu nne. Friji inaiharakisha kuchakaa, kwa sababu wanga hukakamaa upesi kwenye ubaridi ule. Friza haina tatizo hilo. Vipande vikifungwa kimoja kimoja vinakaa miezi miwili bila kulalamika.

Vyombo: cha mraba cha sentimita 18 kinachukua kipimo hiki bila mabadiliko, eneo lake linakaribiana na duara la 20. Kwa duara la sentimita 25 kila kitu kiongezwe nusu, mayai yawe matatu, na karafuu iongezwe kwa mkono mwepesi. Dada ameomba hilo la mwisho lipigiwe mstari. Nimelipiga.